Silikoni Isiyonuka

Jumatatu, 4 Machi

Mwanaume mzima, una ndevu, una mke, una ufunguo wa ofisi, unaona zulia limelowa na swali lako la kwanza ni nani amemwaga maji. Liulize tangi la samaki. Liko mbele yako, linadondoka kwenye kona tangu asubuhi, na wewe unanikodolea macho mimi mama yako kama mtoto aliyejikojolea. Ona haya.

Hayo sikuyasema. Nimeyaandika. Daktari wa presha aliniambia nikikasirika niandike badala ya kupaza sauti. Basi naandika. Presha iko palepale na sasa mkono nao unauma.

Jambo lenyewe ni hili. Tangi lile alilitengeneza marehemu mume wangu, fundi vioo. Alikata vioo mwenyewe, akavigandisha mwenyewe, akaniletea siku niliyokuwa nimemnunia, maji yamo na samaki yumo. Kununa kukaisha. Nilipohamia hapa kwa mwanangu nilikuja na kitanda changu na tangi. Vingine vyote niligawa.

Sasa linavuja. Mke wa mwanangu, ambaye si mtu mbaya ila ana haraka, anakaa mapokezi kwa daktari wa meno. Anasema daktari wake anatafuta kitu cha kuwatuliza wagonjwa wanaosubiri zamu. Watalichukua hivyo hivyo bovu, watalitengeneza, libaki huko. Mwanangu akasema wazo zuri. Gari linakuja Jumapili, isipokuwa tangi liwe limeacha kuvuja.

Na wakati wanapanga hayo, nani alikuwa kwenye ile kona na utepe wa kupimia? Mwalimu. Huyu ni mama wa mke wa mwanangu, mstaafu wa shule. Alikuja kuuguza nyonga. Nyonga imepona, mwenyewe hajaondoka. Anataka kona hiyo iwe ya kabati lake la vitabu. Anapima kwa sauti, kama darasa zima linamsikiliza. Nikamwambia mkwe, ukimaliza hapo nipime na mimi urefu, ujue kabisa sanduku langu. Akasema mkwe, hasira zinakuzeesha. Hivi anasema mtu anayenizidi umri na anaficha.

Sijali. Nina mpango. Dereva wa lori tangi lake la mafuta likitoboka hufanya nini? Hukandika sabuni ya kipande. Nimeona kwa macho yangu, na lori likaondoka. Kama sabuni inazuia dizeli, maji ni kitu gani? Nimekandika kipande kizima kwa ndani, pale vioo viwili vinapokutana. Nikalainisha kwa kidole. Limeacha kudondoka.

Watu wamesoma mpaka wamestaafu, hawakuwaza sabuni.

Jumanne, 5 Machi

Povu.

Tangi zima ni povu. Samaki hawaonekani. Niliona mdomo tu wa Kibonge, yule mkubwa wa rangi ya chungwa, umetokeza juu unafunguka na kufumba kama mtu anayetaka kunishtaki na hapati maneno. Ni sabuni za siku hizi. Sabuni ya zamani isingetoa povu namna hiyo.

Mwalimu akaja na kanga yake ya asubuhi, akasimama, akatazama, akauliza kama leo ninafua samaki wa rangi au weupe. Nimekaa mchana kutwa natafuta jibu la kumrudishia. Bado.

Nimewahamishia kwenye beseni la kufulia, na kile kipampu chao cha hewa. Wote wazima. Mke wa mwanangu akauliza nguo zitafuliwa wapi. Nikamwambia nguo zisubiri, nguo hazina mapafu. Akasema mama, hata samaki hawana. Siku hizi ananijibu. Ni malezi ya karibuni.

Sasa kazi ya kifundi. Marehemu alitumia silikoni, ile gundi ya kuziba vioo, hilo nalijua. Ilikuwa kwenye mrija mrefu unaobanwa kwa kitu kama bunduki. Ilikuwa silikoni gani? Hakusema. Aliita “ile dawa.” Mwanaume niliyeishi naye maisha yangu yote, ameondoka na jina la dawa.

Kesho dukani.

Jumatano, 6 Machi

Nilitaka kwenda peke yangu. Mwalimu akavaa viatu. Eti daktari amemwambia atembee. Njia nzima ananihutubia: mkwe, ukifika useme ni ya samaki. Mkwe, usisahau kusema ni ya samaki. Tukavuka barabara, ni ya samaki. Tukapita kinyozi, ni ya samaki. Nilipofika kwenye duka la vifaa vya ujenzi, muuza duka, mama mmoja mnene mwenye kalamu nyuma ya sikio, akaniuliza unataka ya nini? Nikasema ya kuziba.

Basi. Sifundishwi kuongea dukani.

Hakuamini, akaniuliza tena kuziba nini. Nikamwambia kuziba midomo ya watu. Akacheka akaniletea rundo. Ya madirisha, ya bafuni, ya magari, nyeupe, nyeusi, na isiyo na rangi. Watu wasiojua huchanganyikiwa hapo. Mimi nikamwomba anifungulie zile zilizokwisha kutumika nizinuse.

Ile isiyo na rangi, balaa tupu. Siki. Imenichoma pua mpaka machozi. Ya bafuni haina harufu hata chembe. Nyeupe, laini kama maziwa mazito. Mwalimu akavaa miwani akasoma mgongo wa ile ya bafuni: ina dawa ya kuzuia ukungu. Akasema mkwe, hapana, hiyo ina dawa. Nikamwambia ndiyo maana naitaka, nani anataka samaki wake waote ukungu? Akachukua ile ya siki akasoma: silikoni tupu, haikuongezwa kitu. Akasema hii hapa. Nikamuuliza, wewe kitu kikinuka uchachu unampa mtoto? Akasema samaki si mtoto na silikoni si uji. Nikamwambia ndiyo shida ya kusoma, mtu anaamini karatasi kuliko pua yake mwenyewe.

Kwa pua hii nimechagua nyama, maziwa na mume. Sikukosea hata kimoja.

Nimenunua ya bafuni. Mwalimu naye kanunua ile ya siki kwa hela yake, kwa ubishi tu. Amerudi nayo ameikumbatia kama cheti.

Alhamisi, 7 Machi

Kazi imekwisha. Nitaeleza kila kitu, hata kile ambacho hakimhusu mtu.

Asubuhi wakaenda kazini. Mwalimu yumo chumbani na redio yake. Nimekwangua silikoni ya zamani kwa wembe, vipande vinatoka kama maganda. Upande wa kwanza safi. Wa pili safi. Nikafika kwenye kona inayovuja, chini kabisa. Mwanga wa dirishani ukapiga pale. Nikaona kidole gumba.

Cha marehemu. Alipolainisha kona aliacha alama. Mistari yote ipo, na lile kovu dogo alilolipata alipokatwa na kioo tukiwa wachumba. Miaka yote nimelisafisha tangi hili kwa sponji, nimepita juu yake, sijaona.

Nilikaa kitako sakafuni kidogo. 

Halafu nikakwangua pembeni yake pande zote, ile alama nikaiacha. Ni kipande kidogo kuliko ukucha. Nikapaka silikoni mpya kuizunguka vizuri, na juu yake nikapitisha nyembamba sana, iendelee kuonekana. Fundi yeyote mwenye moyo angefanya hivyo.

Mwanangu aliporudi akapitisha kidole akasema mama, umefanya kazi safi. Mke wake akasema haina hata harufu. Nikamtazama Mwalimu. Akawa anatafuta kitu kwenye mkoba wake ambacho hakikuwemo.

Ijumaa, 8 Machi

Leo ningekufa. Si mimi tu.

Nilikwenda kwa muuza samaki wa mapambo kununua chakula cha Kibonge. Yule bwana ni mropokaji, ana mdomo kuliko duka zima. Nikamsimulia nilivyoziba tangi, nikitegemea sifa. Akaniuliza silikoni gani. Nikamwambia ya bafuni, haina harufu, inazuia ukungu. Akashika kichwa kwa mikono miwili. Akasema bibi, kinachozuia ukungu usiote hakichagui, kinamaliza na samaki. Dawa yake inatoka kidogo kidogo kwenye maji, kwa siku nyingi. Akasema inayotakiwa ni silikoni tupu, na nyingi za aina hiyo hunuka siki, lakini harufu huisha ikikauka. Unaiacha mpaka ukiinusa husikii kitu, ndipo unatia maji. Na mpya haishiki juu ya kuukuu, kwa hiyo yote ya zamani itoke. Yote, bibi.

Nilijua anajisifu. Lakini nilitembea haraka. Haraka sana kwa mtu mwenye presha. Silikoni bado haijakauka, tangi tupu, samaki wamo kwenye beseni. Nilikuwa najiambia hivyo.

Nafungua mlango, tangi limejaa maji. Mke wa mwanangu amerudi mapema. Amenionea huruma. Amejaza maji masafi yaliyokaa kwenye pipa, amewarudisha samaki, ameweka na kimmea cha plastiki, anataka kunishangaza. Beseni limejaa mashuka na sabuni. Na Kibonge amelala ubavu.

 Nilichukua chujio jikoni. Ndoo iliyo karibu ilikuwa na miguu ya Mwalimu ndani, huwa anailoweka kila mchana. Nikamtoa mguu mmoja, nikamtoa wa pili. Akapiga kelele ana nyonga. Nikamwambia nyonga itasubiri. Nikasuuza ndoo, nikajaza maji ya pipa, nikawahamishia humo wote, nikatia pampu. Wale wadogo wakaanza kuzunguka. Kibonge akaendelea kuelea ubavu kama ganda la chungwa.

Mke wa mwanangu anauliza mama, nimefanya nini. Nikamwambia hujafanya kitu, samaki hawajazoea kushangazwa.

Ukweli, sikujua la kufanya.  Ni Mwalimu aliyekaa chini pale sakafuni, miguu yake inadondoka maji, akaingiza mkono kwenye ndoo, akamsimamisha Kibonge katikati ya vidole. Akawa anamsogeza mbele na nyuma, mbele na nyuma, maji yapite kwenye mashavu yake. Pole pole. Sijui alijifunza wapi. Hakunihutubia. Alikuwa anamwambia samaki: haya baba, haya. Mpaka Kibonge akapiga mkia.

Halafu tukasikia tone linadondoka. Kwenye zulia. Ni ile kona yangu, pale nilipoacha alama. Maji yamepata njia yake chini ya ile silikoni nyembamba niliyopaka.

Mwanangu akaingia wakati huo huo. Akatazama zulia. Safari hii hakuuliza. Akasema mama, nakupenda, lakini daktari wa meno alichukue Jumapili.

Jumamosi, 9 Machi

Mwanangu na mke wake wamekwenda sokoni asubuhi. Nimefanya mambo mawili kabla chai haijapoa.

La kwanza, simu. Nilipiga kwa daktari wa meno. Kwa kuwa mtu wake wa mapokezi yuko sokoni, akapokea mwenyewe. Nikajifanya bibi wa mgonjwa. Nikamwambia nimesikia analeta samaki. Akasema ndiyo, wanatuliza. Nikasema sawa, ila yule mkubwa humeza wenzake wazima, kuanzia kichwani, na mkia hubaki unachezacheza mdomoni muda mrefu. Watoto wakitazama hapo ndipo waambiwe fungua mdomo.  Daktari akasema anaona afadhali picha ya mlima. Kibonge, nisamehe, ilibidi jina lako lichafuke.

La pili lilikuwa gumu. Kwenda kumwomba Mwalimu ule mrija wake wa siki.

Nikamkuta kitandani anasoma. Nikamwambia mkwe, ule mrija wako utakauka bure. Akafunua ukurasa. Nikamwambia mkwe, kioo kimoja hakishikiki na mtu mmoja. Akafunua mwingine. Nikamwambia haya, sema neno lako. Akavua miwani. Akasema neno lake ni rimoti, iwe kwake wakati wa taarifa ya habari. Nikamwambia chukua. Nikamuuliza kwa nini anisaidie na kona anaitaka yeye. Akasema: “Likiondoka hilo tangi, mkwe, mimi na wewe tutagombania nini?”

Huyu mwanamke ana maneno. Sijui anayatoa wapi.

Tukakwangua yote. Nyeupe yangu ilitoka na visirani, imenasa kwenye kucha. Tukasugua kioo kwa spiriti mpaka kikalia. Ikabaki ile kona. Mimi nimeshika wembe. Nikawa napangusa palipokuwa safi. Nikapangusa tena. Mwalimu akaniuliza kuna nini hapo. Nikamwambia hakuna kitu, mwanga mbaya. Akainama akatazama. Akatazama kwa muda. Najua aliona, ana ile miwani.

Akanichukulia wembe mkononi. Akaupitisha chini yake taratibu kabisa, kama anavyotoa utando juu ya maziwa, kile kipande kikatoka kizima, alama yote na kovu lake. Akakiweka kwenye karatasi laini, akakunja, akanipa. Hakusema pole. Angesema pole ningemfukuza.

Kimo ndani ya foronya yangu. Hilo halimhusu mtu.

Kuhusu kupaka. Nilianza mimi. Lakini kidole changu cha siku hizi kimevimba kwenye fundo, hakifiki kwenye kona. Cha kwake chembamba kama kalamu. Akaingiza kidole, akavuta mara moja, kona ikakaa sawa. Na alama ikabaki. Yake. Kubwa, inaonekana ukiwa kwenye kochi. Nikamwambia umeiharibu, rudia. Akasema inakauka, mkwe, ukiigusa utaharibu wewe. Sasa nitatazama samaki wangu mpaka nife na katikati yao kidole cha Mwalimu.

Nyumba ilinuka siki mpaka uwani. Walipotoka sokoni mwanangu akauliza nani anatengeneza achari. Nikamwambia silikoni ya samaki inatakiwa inuke, si kila mtu anajua. Akasema daktari wa meno amebadili mawazo, haelewi kwa nini. Mke wake akanitazama. Nikawa najikuna sikio. Mwanangu akasema haya, mama, jaribio la mwisho. Likidondoka hata tone moja, anampa mtu wa chupa na chuma chakavu.

Jumapili, 17 Machi

Nimeacha kuandika wiki nzima kwa sababu nilikuwa na kazi. Kazi yenyewe kunusa. Asubuhi, mchana na jioni naingiza kichwa kwenye tangi. Mwanangu alitaka kutia maji Jumatano, nikamfukuza na ufagio. Juzi harufu ikaisha kabisa. Jana tukajaza maji bila samaki, Mwalimu akatandaza gazeti kavu chini ya kona yake. Leo asubuhi akalisoma, lote, mpaka matangazo ya vifo. Kavu.

Tukawarudisha. Wale wadogo kwanza. Kibonge mwisho, kwa mikono yangu mwenyewe. Alizama mpaka chini, akazunguka pembe zote nne kama mwenye nyumba aliyetoka safari, halafu akaja mbele ya kioo akanifungulia mdomo. Ameniomba chakula. Hana kinyongo.

Mwanangu amelipima zulia kwa kiganja, akasema mama, tangi libaki, yameisha. Nimekwenda kunawa uso bafuni. Siki ile hukaa machoni.

Mchana wote wameketi wanatazama. Mke wa mwanangu akauliza tulijuaje silikoni ya kuchagua. Mwalimu akafungua mdomo. Nikamwahi. Nikawaeleza kwamba tangu mwanzo pua yangu iliniambia, kinachonuka kikali ndicho chenye nguvu, na kisichonuka ni cha kuogopa kama mtu asiyecheka. Kusoma karatasi hakusaidii. Lazima mtu anuse. Mwalimu akanitazama juu ya miwani, akachukua rimoti, akaongeza sauti ya taarifa ya habari. Wivu.

Wamekubali wote kwamba mimi ni fundi. Hakuna aliyesema kwa mdomo, lakini nimeona.

Sasa nimesikia mwanangu akimwambia mke wake kwamba tangi la maji la juu ya paa limepasuka ubavuni, lile la plastiki, na kesho anamwita fundi bomba. Fundi wa nini, na mimi nipo? Mrija wa siki umebaki nusu. Kilichomfaa Kibonge kitawafaa na watu. Na hapo paani hakuna cha kusoma wala kukwangua, napaka juu kwa juu tu.

Fundi asiitwe. Kesho kabla ya kwenda kazini mwanangu aniegemezee ngazi ukutani, upande wa jikoni. Mwalimu asimame chini aishike, na afunge mdomo.